Kope ya Chini

Naigeuza kope ya chini ya mwanakondoo:
nyeupe, kama utando wa ndani ya yai.
Ana miezi minne, na taya limeshavimba maji.
Mama yake, pembeni, anacheua.
Yake nyekundu, komamanga lililopasuka.

Wamekula alfafa ile ile kando ya falaji,
umande ule ule, minyoo ile ile.
Ila tumbo la mama lina misimu mitano ya kuumwa,
linamjua mwizi kwa hodi yake.
La mtoto, kila hodi hujibu: karibu.

"Usimsifu," akasema Ruqaisha wa kliniki ya mifugo,
jicho kwenye darubini.
"Alipozaa, kinga ililegea. Mayai haya
kayamwaga yeye,
hapo hapo mwanawe anapokula."

Nikanyamaza. Nikamtia mdogo dawa pembeni mwa ulimi,
nusu akaitemea kanzu yangu.

Na yupo Mabruka, kikongwe wa zizi, meno mawili.
Jana kope yake ilishaanza kufifia.
Hodi zinajibiwa tena.

Usiku huu, Ibra kimya,
mimi wa miaka sabini na miwili
nakisogelea kioo cha bafuni,
naivuta chini kope yangu.