Digrii Ishirini Zilizobaki

Katana wa Ngumbao amenishushia mtungi mlangoni,
mtungi wa kupandishia ng'ombe,
kaufunga kwa mpira wa tairi nyuma ya pikipiki
toka Mariakani hadi hapa Tudor, jua la utosi.
"Bi Zuhura, saa kumi nautaka.
Mbegu za fahali hazingoji sayansi."

Basi nina saa nne za baridi
katika mji ambao baridi yake
ni soda iliyokaa chini kabisa ya friza.

Mchanga wenyewe niliufagia Likoni,
pale malori yalipokuwa yakipinda kuingia gatini,
nikautia kopo la siagi, nikaonekana mwehu.
Mweusi, mzito kuliko ukubwa wake.
Chuma, titani, na oksijeni iliyowashika mikono:
ilmenaiti.
Na humo ndani, kama mawe kwenye mchele,
chembe chache za magnetaiti.

Hizo chache nilizichambua kwanza.
Sumaku ya spika mbovu ikizikaribia
zarukia, zasimama kama nywele.
Zina kumbukumbu hizo.
Lakini zishushe:
kwenye kelvini mia na ishirini au karibu yake
fuwele yajipinda mifupa,
na mshale wangu waanguka.
Zipashe moto, kumbukumbu hurudi sehemu.
Sehemu tu. Nimepima mara tisa.

Ilmenaiti si hivyo.
Kwenye joto letu hili, thelathini na moja na jasho,
sumaku ikipita juu yake
yajitikisa kidogo,
kama mtu aliyeitwa na asiyempenda.
Nikaimwagia naitrojeni. Ikafoka,
moshi mweupe ukatambaa hadi kwa Mwakio mlinzi,
akapandisha miguu juu ya kiti, akasoma alichokisoma.
Sabini na saba.
Nikairudisha sumaku.
Ikaja!
Mara nne na ushee ya ilivyokuja mwanzo.

Nikamkumbuka Faki, ndugu yangu.
Hapa nyumbani alikuwa haitiki.
Mama ataita toka jikoni hadi sauti imkauke,
naye yuko barazani, masikio mazima.
Sasa yuko nchi ambayo bahari yake huganda, watu wakaitembea,
na simu hailii mara mbili.
"Naam, mama. Naam."
Mama asema ni adabu, imemjia ukubwani.
Mimi kazi yangu kupima; nasema ni baridi.
Kwenye joto kila atomu ina rabsha zake.
Ipunguzie, itakusikia.

Ila nisiseme uongo kwa kuwa mfano umenoga.
Ukiondoa sumaku, ilmenaiti haibaki na kitu,
mshale warudi sifuri.
Faki akikata simu sijui hubaki na nini.

Na kuna chini zaidi.
Hamsini na saba, wasema waliofika,
hapo rabsha zote hukoma.
Safu moja ya chuma yaelekea juu,
safu ya pili chini,
titani katikati kimya kama ukuta wa majirani,
juu, chini, juu, chini, hadi mwisho wa chembe,
na ukijumlisha zote huna kitu mkononi.
Imepangika kama doti ya leso iliyokunjwa
uso kwa uso,
hata jina lake hulisomi.

Digrii ishirini zimebaki. Naitrojeni haifiki huko.
Yataka heliamu, na bei ya heliamu
nimeiandika kwenye karatasi, nikaikunja.
Ishirini!
Toka alfajiri ya Julai hadi adhuhuri ya Machi
mji huu hauzitimizi.

Saa kumi kasorobo, honi ya Katana.
Mtungi umebaki robo; ng'ombe watatosheka.
Mchanga kijikoni umevaa barafu,
barafu imekuwa maji,
unyevu wa Tudor umeuvamia kama jamaa wa harusi.
Nauanika juu ya gazeti dirishani,
kona nne, vijiwe vinne.
Simu yatetemeka mezani, kando ya sumaku.
Ni Faki.
Naiacha ilie kidogo.
Huku kuna joto.