Mashine Hainijui

Kila asubuhi, saa kumi na mbili kasorobo,
naweka kidole kwenye kioo cha mlangoni
na mashine yaniambia: Hutambuliki.
Napangusa, naweka tena. Hutambuliki.
Miaka ishirini na miwili ya kusugua kingo za vigae
imenilamba mistari yote,
ncha za vidole laini kama sahani.
Firmino hunifungulia kwa funguo zake:
"Ingia, Deolinda, wewe usiyezaliwa bado."

Ndiyo maana barua ilipokuja nilicheka,
peke yangu jikoni, kahawa ikichemka hadi kumwagika:
wezi wamechukua alama za vidole
za wafanyakazi mia nne na kumi na mmoja,
na kidole changu kimo.
Mwizi kanitambua.

Barua ina nembo ya rangi, na "tunasikitika" mara tatu.
Haisemi lini. Mlango ulikuwa wazi tangu Februari;
sisi tumeambiwa Juni, wiki ya sikukuu,
mtaa mzima wa Aveiro ukinuka dagaa wa kuchoma.
Haisemi nini. Nikahesabu mwenyewe:
namba ya benki, ya kodi, anwani ya mama,
mshahara ambao mume wangu alidhani ni mkubwa zaidi,
na ile karatasi ya daktari ya mwaka elfu mbili na tisa,
siku kumi na nne za mapumziko
kwa mtoto ambaye sikumtajia hata dada yangu.
Niliipeleka kwa mkono, imekunjwa mara nne.
Karani aliipokea bila kuniangalia, akafunga droo.
Siri ya mtungi aijua kata, sawa.
Hatukuambiwa kwamba kata inalala nje.

Kisha afisa utumishi, Teles, kijana mpole,
akatuita kantini watano watano:
vocha ya yuro hamsini, na fomu ya kutia saini,
"ni utaratibu tu."
Aya ya sita, herufi kama punje za mtama:
atakayetia saini hatadai tena.
Wengi walitia. Siwalaumu, Septemba ina madaftari ya watoto.
Firmino alitia. Wiki ya tatu akapigiwa simu
kuhusu mkopo wa pikipiki.
Firmino hajui hata baiskeli.

Mimi nilirudisha kalamu.
Nikapanda ngazi juu ya duka la viatu,
kwa Lurdes Quintela, wakili wa chama cha wafanyakazi,
akanifundisha kuandika sentensi zisizopiga magoti.
Nipeni nakala ya kila mlichoweka juu yangu. Mna mwezi mmoja.
Mamlaka mliijulisha lini?
Sheria inawapa saa sabini na mbili tangu mjue.
Na usiku ninaoamka kutazama akaunti una bei,
hata senti isipopungua, hofu nayo ni hasara.
Na kwa nini kidole? Kadi haikutosha?
Kadi ikiibwa mtanikatia nyingine.
Kidole mtanikatia wapi?

Nikatia saini hapo, jina langu lote,
Deolinda da Conceição Marnoto,
herufi zikipanda kilima.
Lurdes akasema itachukua miezi, pengine miaka,
pengine tutapata kidogo tu.
Sikuuliza kidogo ni kiasi gani.

Leo mvua, foleni imefika barabarani.
Nimeweka kidole. Hutambuliki.
Nyuma yangu Firmino anapapasa funguo mfukoni.
Nikamwambia ngoja,
waje wafungue wenyewe.