Mtu wa Kilo Sabini

Kanuni yangu ina mtu ndani yake.
Ana kilo sabini, hanenepi wala hakondi,
hunywa lita mbili kila siku ya Mungu
kwa miaka thelathini, pale pale alipo;
hahami, hadaiwi kodi, hashiki mimba.
Ndiye ninayempimia kisima hiki
nyuma ya kiwanda cha betri, Lunga Lunga,
kilichofungwa, geti likaliwa na kutu,
mapipa yakabaki yakivujia udongo
kama mgonjwa asiye na wa kumgeuza.

Kwamboka ananitazama nikijaza chupa.
Nimevaa glavu. Yeye ameshika ndoo kwa mkono mtupu.
"Mnatafuta nini humo?"
Risasi, nasema.
Anacheka. "Risasi? Na hatukusikia mlio?"
Kisha kicheko kinakatika,
macho yanamtafuta Ondari, mwanawe,
aliyechuchumaa akilamba kidole chenye tope.

"Lakini ni matamu," asema. "Ya mfereji yananuka dawa,
na huja Alhamisi, akipenda mwenye koki.
Haya hayajatukatia hata siku moja.
Na huwa nayachemsha."
Risasi haiogopi moto, namwambia,
na sauti yangu naisikia ikiwa ya mtu wa ofisini.

Namba za mwezi jana ninazo.
Napiga hesabu, daftari gotini.
Mtu wa kilo sabini anapita, kwa upenyo.
"Huyo ni nani?" Amesoma juu ya bega langu.
"Hapa hapangi. Mimi nina arobaini na tisa.
Huyu ana kumi na moja, na mwaka wa nne huu."

Nafuta. Naandika kumi na moja.
Jibu linapanda kama maziwa yaliyosahaulika jikoni,
linamwagika nje ya kisanduku cha fomu.

Chupa zitafika maabara kesho. Majibu, wiki tatu.
Kisha ripoti, kisha mkutano juu ya ripoti.
Na leo jioni kuna ugali wa kusonga.

Analeta chai, tangawizi imekolea,
katika kikombe cha wageni, kile chenye mkono mzima.
Najua alikoteka maji.
Najua pia kwamba kikombe kimoja,
kikigawanywa kwa miaka thelathini, si kitu;
kanuni yenyewe inasema.
Navua glavu.
Nakunywa hadi majani ya chini.

Naye, ameridhika,
ananijazia tena.