Orodha ya Jumamosi

Zablon Amwayi alicheza daraja la tatu miaka kumi na mmoja,
winga wa kulia, timu ya karakana ya reli,
mabao thelathini na manne, au thelathini na matano:
lile la Thika refa alilikataa, yeye hakulikataa.

Gazeti lilimwandika mara moja tu
na jina likakosewa: Zabron Amwai.
Alikikata kipande hicho hata hivyo,
akakihifadhi kwenye Biblia, kitabu cha Hesabu.

Kocha alipohamishiwa Nakuru kwa barua ya mistari miwili,
karani akamtupia Zablon filimbi:
"Wewe ndiye umekula chumvi. Shika."
Mshahara haukuongezeka.
Chai iliongezeka, kikombe kimoja.

Ijumaa usiku, Makongeni, chumba kimoja,
watoto wamelala miguu kwa vichwa,
akaandika kumi na mmoja nyuma ya fomu ya mizigo.
Kipa, Odembo.
Beki, Mutisya, akiwa hajalewa.
Alipofika namba saba
kalamu ikagoma.

Goti lilikuwa limeumuka kama andazi.
Na yule kijana Kiprono, mchochea makaa,
ana mbio za mtu anayedaiwa.

Mkewe akageuka kitandani.
"Hujamaliza tu?"
"Bado mmoja."

Jumamosi alikaa juu ya kreti ya soda kando ya uwanja,
filimbi shingoni,
njumu miguuni,
kamba amezikaza mafundo mawili mawili,
maana mechi ni dakika tisini
na huwezi kujua.