Kabla Sijatia Sahihi

Llanelli, Februari. Mvua ya tangu juzi.
Nimezima swichi kuu; friji imeguna mara moja,
kisha nyumba nzima kimya,
na mzee Haydn Treharne amenishikia tochi
kwa mikono miwili, kama aliyeajiriwa leo.

Sanduku la zamani liko chini ya ngazi,
la bakelaiti, jeusi, limevaa vumbi.
Fyuzi sita za kauri. Ya tatu,
badala ya uzi wake mwembamba,
imefungwa waya mnene wa kutundikia picha.
"Ilikuwa ikikatika kila Jumapili, nyama ikiwa ovenini.
Nikaitia adabu."
Fyuzi isiyokatika, mzee, si fyuzi.
Ni mlinzi aliyehongwa.

Nimeling'oa. Nimefunga jipya, la chuma, jeupe,
breka zake zimesimama mstari.
Haydn anapangusa miguu ya suruali:
"Basi tumemaliza."
Bado. Kulifunga ni asubuhi moja,
kuliamini ndiko kwenye kazi.
Umeme haubishi hodi.

Napima waya wa ardhi, soketi hadi soketi,
sifuri nukta tatu, sifuri nukta nne,
namba ndogo, namba njema, naziandika.
Kisha napima ngozi ya nyaya, kwa volti mia tano:
jikoni, zaidi ya megaomu mia mbili;
sebuleni, vilevile;
taa za juu,
sifuri nukta sifuri nne.

Napima tena. Kipimo hakijui kuona haya.
Angalau moja, ndiyo sheria, angalau moja.
"Lakini taa inawaka," asema Haydn.
Inawaka, ndiyo.
Hata jino bovu hutafuna.

Tumepanda. Chumba kidogo cha nyuma,
nimeinua ubao wa sakafu, wa pili, wa nne,
na pale, kati ya magazeti na kinyesi cha panya,
waya usiokuwamo katika mchoro wowote,
umesokotwa na mwenzake, bila kisanduku,
na juu ya kiungo, mahali pa utepe wa fundi,
plasta.
Plasta ya kidonda, ya hospitali,
imekauka, imegeuka rangi ya chai.

Mzee ameketi kitandani bila kuambiwa.
Ilikuwa baridi ya mwaka wa sabini na moja.
Gwilym wao hakulala gizani,
alitaka taa yake mwenyewe, karibu na mto.
Haydn alishika koleo, Morfydd alishika mshumaa;
maduka yamefungwa, utepe hakuna,
naye muuguzi, akafungua mkoba wake wa kazini
akakifunga kiungo kama kidole cha mgonjwa.
"Akakipuliza, unajua. Ili kisiume."
Kimya.
"Iache hiyo, Nerys. Miaka yote hiyo haijamdhuru mtu."

Hapa ndipo kalamu huwa nzito kuliko nyundo.
Mwisho wa cheti pana mstari, na jina langu juu yake:
nathibitisha, kwa ujuzi na uangalifu wangu.
Nimeusoma mara mia. Hauna pembe
ya kuandika kwamba mkewe alikipuliza.

Nimekata.
Nimeunga upya ndani ya kisanduku chenye kifuniko,
nimevuta waya wa ardhi ambao taa zile hazikuwahi kuwa nao.
Nimepima: mia mbili na zaidi.
Nimerudisha umeme, nikaijaribu breka ya uvujaji,
ikaruka kwa milisekunde ishirini na mbili;
kope lingekuwa bado linajishauri.
Nikatia sahihi. Plasta nikampa mkononi.
Akaitazama pande zote mbili,
akaitumbukiza ndani ya bahasha ya cheti,
akailamba bahasha.

Nilimwambia: kila baada ya miezi sita
bonyeza kitufe hiki cha kujaribia.
Hakungoja. Jumapili ileile, saa mbili usiku, simu:
"Nimebonyeza. Ni giza tupu."
Ndivyo inavyotakiwa, Haydn. Sasa inua swichi.
Nikasikia ngazi ikilia, nikasikia kidole kikipapasa,
tusi moja la Kiwelshi,
na halafu, kwa mbali,
friji ikiguna.