Umezima?

Kabla hujagusa chochote, Bwanaheri, kaa hapo kwenye gogo.
Funga kikoi chako kwa fundo la kweli,
la kupandia mnazi, si la kwendea harusini.
Saa vua. Pete vua.
Najua ni ya babu yako. Itie kwenye kopo la misumari,
meno ya msumeno hayaulizi ukoo.

Hii miwani. Imekwaruzika, ndiyo,
lakini jicho likikwaruzika
hakuna duka Langoni linalouza jingine.

Sasa sikiliza, maana nitalisema mara moja
na sipendi kulisema.

Mwaka ule tulikuwa na mlango wa bambakofi,
wa nyumba moja huko Mkomani.
Fundi Famau alikuwa akiuchonga mfaa kwa patasi,
ua baada ya ua, kutoka juu kushuka.
Miaka thelathini na miwili ya patasi, na mkononi
kovu moja tu, la ndoana ya utotoni.
Kisha tukanunua msumeno wa umeme, kwa mkopo.
Mimi ndiye niliyeupenda. Ulikata ubao
kama mtu anayemmalizia mwenzake maneno.
Fundi aliutazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.
"Patasi husubiri mkono," alisema. "Huu husubiri nini?"

Jumatatu, baada ya adhuhuri, stima ikapotea.
Msumeno ukafa katikati ya ubao, kimya,
nami nikadhani kunyamaza ndiko kulala.
Sikubonyeza swichi. Sikuchomoa waya.
Nikapangusa jasho, nikatoka kununua juisi ya ukwaju
kwa Bi Swabaha, kona ya pili,
pale penye punda wasiompisha mtu.

Fundi akaingia. Akaona kipande kimekwama.
Kwa mkono wa kulia, mkono wake wenye adabu,
akaanza kukitoa.

Unaujua mji huu stima inaporudi.
Feni zinaguna, friji zinatetemeka,
watoto wa uchochoro mzima wanapaza: Imerudiii!
Nami nilipaza. Glasi mkononi, nilishangilia nao.
Ndani ya shangwe ile mlikuwa na sauti moja
isiyokuwa ya furaha,
na miguu yangu iliitambua kabla ya masikio.

Vidole viwili, na nusu ya cha tatu.

Nikaufunga mkono kwa shati langu,
tukampakia kwenye mkokoteni wa mbao,
maana gari gani lingepita humo?
Njia nzima ya hospitali hakunilaumu.
Alikuwa akitazama milango tunayoipita
na kumtaja aliyechonga kila mmoja.

Basi. Umeme ukikatika, kwanza kidole kwenye swichi,
kisha waya utoke ukutani,
ndipo useme "aa!" kama watu wengine.
Ukibadilisha kisu, ncha ya waya iwe mfukoni mwako,
si mahali unapodhani iko.
Usisimame mkabala na ubao;
msumeno ukiukataa, huutema.
Na kinga hiyo usiifungue ati inakuchelewesha.
Waliochelewa nawajua,
bado wanahesabu hadi kumi.

Ule mlango upo. Ijumaa nitakupeleka uuone.
Juu, maua yamesimama wima.
Chini, aliyachonga kwa kushoto, miezi minane baadaye:
yameinama kidogo, kama yanayosikiliza.
Mwenye nyumba hataki yaguswe.

Hajawahi kuniuliza kwa nini.
Lakini nyumba zetu zinashiriki ukuta,
na kila stima inapokatika usiku,
mji mzima ukiguna na kugeuka upande wa pili,
nasikia sauti yake kutoka gizani:

"Umezima?"

"Nimezima, Fundi."

Kisha huinuka, nikatafuta viatu kwa mguu,
nikaja hapa na tochi
kuhakikisha.