Kifungu cha Kumi na Tisa

Saa tano usiku, Kivukoni, ghorofa ya tatu.
Feni inakohoa. Wajumbe wamekubaliana
kwamba hawajakubaliana,
basi mkataba wa mkonge uongezwe mwaka mmoja
"bila kuathiri msimamo wa upande wowote."

Mimi ndiye mpiga chapa.
Balozi Kihampa anataka neno "kurefusha".
Mjumbe wa wanunuzi anataka "kuahirisha ukomo".
Tangu alasiri wanavutana, huku na huku,
nami nawaza: mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake,
na hii kamba, waheshimiwa, kaisokota nani?

Baba alikata mkonge Ngombezi.
Majani thelathini, tita moja.
Mwiba ulimchoma jicho la kushoto mwaka wa bei nzuri;
bei ikashuka, jicho halikurudi.
Mpaka anakufa hakujua bei inakaa wapi.

Inakaa hapa, Baba.
Ina mikono laini. Inaomba dirisha lifungwe,
mbu wanaisumbua.

Karibu na adhana ya alfajiri wakapatana: "kuendeleza".
Nikafuta. Nikaandika. Nakala sita,
na ya saba ya masjala.
Kalamu ya Balozi ikagoma, akaazima yangu,
akatia saini, akaitia mfukoni mwake.

Wakapeana mikono, wakashuka ngazi wakicheka
kama watu waliofiwa na mtu wa mbali.

Nikabaki natafuta kamba ya kufungia majalada.
Kabatini ilikuwamo moja tu,
ya nailoni.